Jinsi kompyuta inavyoituliza pikipiki ya umeme matopeni

PIKIPIKI ya umeme ya mashindano ya vumbi na matope inaweza kumwangusha chali mwendeshaji asiye na uzoefu kabla hajasonga hatua kumi.

Sababu ni kwamba mota ya umeme hutoa nguvu zake za kuzungusha gurudumu pindi tu inapoanza kazi. Injini ya petroli sharti kwanza izunguke kwa kasi, na mwendeshaji huipunguza makali kwa klachi. Aghalabu pikipiki hizi za umeme hazina klachi wala gia za kubadilisha, hivyo kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta.

Kompyuta hiyo hukaa baina ya akseleta na mota. Mwendeshaji anapozungusha mkono, ndiyo inayoamua kiasi cha umeme kitakachotoka kwenye betri. Kwa kubadilisha mpangilio wake tu, pikipiki ile ile huwa pole kwa mwanagenzi na kali kwa bingwa.

Mfano ni Stark Varg, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kampuni ya Stark Future ya Uhispania. Toleo lake la Alpha lina nguvu za farasi 80, ilhali pikipiki ya petroli ya mashindano ya sisi 450 hutoa takriban 60. Kwa kutumia simu inayofungwa kwenye usukani, mwendeshaji anaweza kuzishusha hadi 10. Aidha, huchagua jinsi pikipiki itakavyopunguza mwendo akseleta inapoachiliwa.

Kuna pia udhibiti wa utelezi. Vihisi hupima kasi ya mota mara nyingi kwa kila sekunde. Kasi hiyo ikipanda ghafla kuliko inavyowezekana kwa gurudumu lililoshika ardhi, kompyuta hutambua kwamba tairi linateleza, nayo hupunguza umeme papo hapo.

Hata hivyo, tope si lami. Kwenye udongo, tairi la nyuma halina budi kuteleza kiasi ili meno yake yachimbe na kurusha tope lililonata. Udhibiti ukizidi, pikipiki hukosa nguvu na kukwama mlimani.

Isitoshe, hakuna kompyuta iwezayo kuifanya ardhi telezi ishike. Ndiposa ni heri mwanagenzi aanze kwa kushusha nguvu, kisha aziongeze kadiri mkono unavyozoea. Kufunga breki, kusawazisha mwili na kuisoma njia iliyo mbele bado ni kazi yake mwenyewe.