Nyau ya Mtaa Kwa Meza ya Jaji

Ukitaja shoo ya paka, wasee wengi wanaona tu mathe wa kizungu, lulu kwa shingo, amekumbatia paka yenye manyoya ka zulia la ofisi ya gavana, na jina yake ni refu kuliko ya kanisa. Si uongo, hao wapo. Lakini kuna mlango ingine pale kando wenye haubongewangi, na ndio nimekuja kukufungulia. Nyau haina makaratasi. Iliokotwa nyuma ya bucha. Mathe yake hajulikani, buda ndio usiulize. Na bado inabebwa hadi kwa meza, jaji anaipima kutoka masikio hadi mkia, na jioni inaweza kurudi keja na riboni.

Huo mlango ni daraja la paka wa nyumbani. Marekani mashirika makubwa ya shoo za paka ni CFA, ya tangu 1906, na TICA, yenye ilianza 1979. Uingereza kuna GCCF, ya 1910. Wote wana nafasi ya paka isiyo na ukoo. Paka ya ukoo ikifika kwa jaji inapimwa na maandishi: masikio yakae hivi, mkia ufike hapa, macho yawe rangi fulani. Nyau yako haina maandishi. Kwake jaji anaangalia kama ni safi, kama imeshiba na ina afya, kama inapendeza kivyake, na kama imetulia. TICA nao wamesema wazi paka wa nyumbani asikatwe maksi juu ya jicho moja ama mguu mbovu. Kwa hivyo ile chongo yako ya Kayole iko na haki zake, usiifiche.

Shoo za paka za kisasa zilianza London, Julai 1871, kwa jumba la Crystal Palace. Mchoraji mmoja, Harrison Weir, aliamua paka nazo ziheshimiwe. Kitu inanibamba kwa hii stori ni vile baadaye Weir mwenyewe alijitoa, akalalamika wasee wa klabu ya paka wanafukuza zawadi na kusahau paka.

Sasa, hii maneno inakuhusu wapi? Kwanza wewe wa majuu. Umehamia Leeds ama Minneapolis, baridi imekufungia kwa keja, ukachukua paka ndio usikue ukibonga na ukuta. Halafu wewe wa hapa Nai, penye shoo yenye watu wamezoea ni ya mbwa, ile ya East Africa Kennel Club. Lakini kazi ya kuivisha paka ni ileile ukiwa Umoja ama Leeds, na inaanza miezi kibao kabla ya fomu.

Bila kuhasi usijisumbue. Kwa CFA na TICA, paka wa nyumbani chini ya miezi 4 haingii, na akifika miezi 8 lazima awe amehasiwa, awe dume ama jike. Najua kuna mabuda hapo kwa ploti wataleta siasa, eti mnamnyima mnyama raha. Wachoree. Dume yenye haijahasiwa inakojolea sofa, inarudi alfajiri na sikio limeraruka, halafu unataka ipigwe luku mbele ya jaji? Hapa Nai ukiwa hujui uanzie wapi, ulizia KSPCA, wale wa kutetea wanyama. Chanjo nayo ifanyike mapema na kadi iwekwe poa, juu shoo ni paka kibao kwa ukumbi mmoja, na mafua ya paka ikiingia hapo ni noma.

Lakini chenye kinamaliza nyau nyingi si uchafu wala sura. Ni woga. Hebu icheki kwa macho ya paka. Kelele ya spika, harufu ya paka zingine kila kona, taa kali, halafu msee hujawahi muona anakutoa kwa kizimba, anakuinua juu, anakupapasa mgongo, anakunyoosha, anakuchezea na kijiti cha manyoya. Na mikono yake inanuka dawa, juu jaji anasafisha mikono na meza kila akimaliza paka moja. Hiyo harufu peke yake inaweza kufanya nyau ya heshima igeuke chui. Ikimng'ata jaji, siku imeisha hapo.

Dawa ni mazoezi ya mosmos kwa keja. Ile boksi ya kubebea paka usiitoe tu siku ya daktari. Iache wazi pale sebuleni, weka kitambaa yake ndani, weka omena ndani, mpaka ianze kudoze humo bila kuambiwa. Halafu zoea kuipandisha kwa meza. Dakika moja, unaishika tumbo na kifua, unaiinua, unaangalia masikio, unagusa mkia, unaipa kitu tamu, unaiachilia kabla ichoke. Ikikuzoea wewe, ingiza mbogi. Kila msee akikuja kucheki mechi, apake sanitaiza kwanza halafu aishike nyau kidogo. Wengine watakucheka. Kwa meza ya jaji paka yako itakuwa inajua hiyo harufu inakuja na dishi. Kelele nayo weka kidogokidogo, na ukiona masikio yamelala nyuma na mkia unachapa, hapo umepitisha.

Na kuna paka zenye hazitawahi kubali. Unajaribu wiki kwa wiki, bado inajificha chini ya kitanda ikiskia tu geti. Hiyo iache iishi. Kulazimisha paka yenye inatetemeka ndio upate riboni ni ushamba, na jaji anaona.

Kwa usafi, punguza makali. Nyau ya manyoya fupi inaoshwa siku kadhaa kabla, si asubuhi ya shoo, ndio mafuta yake ya asili irudi na manyoya ilale vizuri. Tumia shampuu ya paka. Safisha pembe za macho na sikio pale nje tu, na kata ncha za kucha zote, za mbele na za nyuma. Kiroboto moja inatosha kukurudisha nyumbani na kukuaibisha. Lakini hapa niskize vizuri: usichukue dawa ya kiroboto ya mbwa. Nyingi ziko na pemethrini, na hiyo kitu inaua paka. Ongea na daktari wa mifugo akupe ya paka, kwa kilo ya paka.

Kabla ulipe ganji ya fomu, nenda shoo moja mkono mtupu. Kata tiketi ya mtazamaji, tembea, uliza. Wenye paka wanapenda kubonga juu ya paka zao kushinda hata wazazi wa mtoto wa kwanza. Hapo utajua pia shoo ni ya aina gani, juu hazifanani. Za Marekani zina meza kadhaa, kila meza na jaji wake. Namba yako ikiitwa, unabeba nyau yako mbio, unaiweka kwa kizimba nyuma ya jaji, unakaa chini unyamaze. Kwa siku moja nyau inaweza kupita kwa majaji kadhaa, huyu aipende, yule ailenge. Kizimba chako cha kupumzikia nacho unakivalisha mapazia, na wasee wanajituma hapo.

Kwa shoo za GCCF za mtindo wa kitambo, ni kinyume kabisa. Jaji ndio anazunguka kwa vizimba na msaidizi wake, wenye paka wametolewa ukumbini, na kila kitu ndani ya kizimba lazima iwe nyeupe: blanketi, sahani ya maji, trei ya mchanga. Hakuna jina, hakuna urembo, ndio jaji asijue hii ni ya mdosi ama ya msee wa mkono mtupu. Mimi hii ndio nakubali. Blanketi nyeupe ni blanketi nyeupe.

Na kama unadhani hizi vitu ni za wazungu tu, kuna paka ya Kilifi kwa hizo meza. Wagiriama wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walikuwa wanaijua kitambo, wakiiita kadzonzo, madoa yake yakikaa ka ganda la mti. Mwaka wa 1978 Jeni Slater, mwenye shamba la minazi huko pwani, alikutana na watoto wa hiyo paka, akawafuga. Rafiki yake Gloria Moeldrup akapeleka zingine Denmark 1984, na kufika 1993 shirika la Ulaya, FIFe, lilikuwa limeikubali kuwa aina rasmi. Inaitwa Sokoke: nyembamba, miguu ya nyuma mirefu, inatembea ka imekanyaga moto. Chenye kinachekesha ni hii. Ukiokota leo paka ya madoa yayo hayo pale Watamu uende nayo majuu, bila makaratasi ya ukoo inapangwa na nyau za mtaa.

Ganji ya ushindi usingoje. Ni riboni, na vyeo: kwa TICA paka ya mtaa ikikusanya pointi inapanda mpaka Supreme Grand Master, cheo yenye buda yako hajawahi pata kazini. Na kama uko na paka ingine kwa keja, jua bingwa akirudi ataletewa ngori mlangoni, juu ananuka ukumbi mzima. Mpe rumu yake na trei yake mpaka kesho, uwaache wapatane pole pole.