Msimamizi, zunguka shamba kwanza



Mwezi wa Juni ukifika, vijiji vya pwani ya Mtwara huamka mapema. Kutoka Mikindani hadi Msimbati, na kusini hadi vijiji vya mto Ruvuma, alfajiri husikika mlio wa mashine za kupulizia. Unga wa njano hupanda juu ya mikorosho kama moshi. Jua likitoka, vijana hurudi nyumbani. Macho yao ni mekundu. Wanakohoa. Ukiwauliza, wanajibu: "Ndiyo salfa hiyo. Tumezoea."

Leo hatusemi na vijana hao. Tunasema na wewe unayewapa kazi. Labda wewe ni mwenye shamba. Labda ni mwenyekiti wa kikundi cha kupulizia, au chama cha msingi kimekuchagua kusimamia kazi. Hata kama una kibarua mmoja tu, wewe ni msimamizi. Je, kabla ya mashine kuwashwa, ulizunguka shamba kutazama ni kitu gani kinaweza kumwumiza mtu?

MNAZI NA BENCHI

Kutazama hatari kabla ya kazi huitwa kupima hatari. Jina ni kubwa, lakini jambo lenyewe kila mtu anaweza kulifanya. Tuchukue mfano.

Chini ya mnazi kuna benchi. Wazee hukaa hapo kila jioni wakicheza bao. Juu ya mnazi kuna nazi kavu. Kama hakuna mtu chini, nazi itaanguka mchangani na hakuna atakayeumia. Lakini benchi lipo, na wazee wapo kila siku. Basi jiulize maswali mawili. La kwanza: nazi ikimpata mtu, itamwumiza kiasi gani? La pili: je, ni rahisi kumpata mtu? Nazi ikimwangukia mtu kichwani inaweza kumwua. Na wazee wako pale kila jioni. Kwa hiyo hatari hii ni kubwa.

Utafanya nini? Mmoja atasema tuwanunulie wazee kofia ngumu. Mwingine atasema tuwaambie wawe waangalifu. Wewe utacheka. Utaangua nazi zile, au utahamisha benchi.

Lakini shambani hatufanyi hivyo. Tunampa kijana kitambaa cha kufunga puani, tunamwambia "angalia sana", basi tumemaliza. Kitambaa hicho ndicho kofia ya wazee wa bao.

SALFA SI YA KUDHARAU

Hatusemi watu waache salfa. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000 za korosho. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Wakulima wengi walihamia vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa ndogo. Sababu nyingine ilikuwa ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshika maua na majani machanga. Maua yenye ubwiriunga hukauka bila kuzaa. Watafiti wa Kituo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, waliufanyia kazi ugonjwa huo, na salfa ikawa ngao ya mkulima. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Salfa si sumu kali kama dawa nyingine za shambani. Nadhani hiyo ndiyo sababu watu wanaidharau. Lakini unga wake huwasha macho, koo, na ngozi yenye jasho. Mtu mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya. Tena unga huo hushika moto. Ukiungua hutoa hewa kali inayokaba pumzi.

Zipo pia dawa za maji za ukungu na za wadudu. Baadhi yake ni kali zaidi na hupenya kwenye ngozi. Usidhani kwamba kinga ya salfa inatosha kwa dawa hizo. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, au mwombe bwana shamba akusomee na kukueleza.

JIONI YA KUAMKIA KAZI

Zunguka shamba jioni, kabla ya siku ya kazi. Chukua daftari na kalamu. Usiende peke yako. Nenda na kijana anayebeba mashine. Yeye anajua mkanda gani unamkata bega, na mti gani una shimo chini yake. Wewe hujui, maana wewe hubebi.

Kwanza tazama ardhi. Kazi huanza gizagiza. Mashine ina uzito wa zaidi ya kilo 10 hata kabla ya kutia salfa. Mtu aliyebeba mzigo huo haoni kisiki wala shimo. Nyasi ndefu huficha nyoka. Kufyeka chini ya mikorosho huondoa mambo yote haya kwa mara moja, na baadaye kunarahisisha kuokota korosho.

Kisha tazama upepo. Hapa ndugu zetu wa pwani tuna shida yetu wenyewe. Kusi huvuma katika miezi hiyo hiyo ya kupulizia. Alfajiri huwa shwari, na umande husaidia unga kushika kwenye majani. Jua likipanda, upepo wa bahari huamka. Unga haukai tena kwenye mti. Unarudi usoni kwa mpulizaji, au unakwenda kwa jirani. Kwa hiyo jiulize: upepo wa kesho utapeleka unga wapi? Kuna nyumba upande huo? Kuna kisima, au njia ya watoto kwenda shule? Kama kuna kisima, kifunikwe. Kama kuna nyumba, wenyewe waambiwe usiku ule, nao wafunike maji na vyakula.

Amri ya kazi iwe moja. Majani yakianza kucheza, mashine izimwe, hata kama imebaki miti 10.

Je, kijana ataizima? Hapa ndipo wasimamizi wengi tunapokosea. Kibarua hulipwa kwa hesabu ya miti, au kwa mfuko wa salfa alioumaliza. Akizima mashine, anapoteza fedha. Basi anaendelea, na unga unamjaa machoni. Baadaye tunasema vijana hawa ni wabishi. Si wabishi. Wana njaa. Namna ya kulipa nayo ni hatari, kama nazi juu ya benchi, na wewe ndiye uliyeiweka. Patana nao mapema kwamba upepo ukiwasimamisha, miti iliyobaki ni yao kesho kwa malipo yale yale, na siku hiyo haikatwi. Mkisha patana, iandike.

MOTO

Petroli na unga wa salfa haviishi pamoja kwa amani. Tazama ni wapi petroli inawekwa na ni nani anaitia. Isitiwe wakati injini ina moto. Isitiwe karibu na mifuko ya salfa, wala karibu na taa ya moto au mtu anayevuta sigara. Salfa nayo isilale katika chumba chenye jiko.

Mashine nyingine za unga zina mnyororo mdogo au waya unaoburuta chini. Watu huukata kwa sababu unanasa kwenye nyasi. Usiukate. Unga ukipita kwa kasi ndani ya bomba hutengeneza umeme mdogo, na cheche yake inaweza kuwasha unga. Mnyororo ule hupeleka umeme huo ardhini. Kama umekatika, mashine isifanye kazi mpaka urudishwe.

WATU TUNAOWASAHAU

Ukiulizwa nani anaweza kuumia, utamtaja mpulizaji. Je, yule anayefungua mfuko na kumimina salfa kwenye mashine? Yeye huinamia wingu la unga kila mara. Je, mtoto anayeleta maji ya kunywa? Je, mama nyumbani anayefua nguo zile, tena amempakata mtoto mchanga?

Mtoto asiletwe kabisa kwenye kazi hii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa kazi za hatari mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Maji ya kunywa yabebwe asubuhi katika chombo chenye kifuniko, yawekwe upande upepo unakotoka. Nguo za kazi zikung'utwe huko huko shambani, zifuliwe peke yake. Mpulizaji aoge kabla ya kula na kabla ya kumpakata mtoto. Mwenye pumu apewe kazi nyingine, wala asikatwe malipo kwa sababu hiyo.

KITAMBAA NA MAZIWA

Sasa ndipo tunafika kwenye vifaa vya kuvaa. Tumeviweka mwisho kwa makusudi. Ukisha fyeka, ukapanga saa, ukapatana malipo na kutengeneza mashine, bado unga kidogo utabaki. Huo ndio wa kuzuiwa na vifaa. Kila mpulizaji awe na miwani inayofunga macho pande zote, barakoa ya vumbi inayoshika vizuri puani na mdomoni, shati la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Kitambaa cha khanga huzuia unga kidogo tu. Kikilowa jasho, kinashika salfa na kuibandika usoni. Tena mashine hizi zina kelele nyingi. Aliyeibeba hamsikii mwenzake akimwita. Masikio nayo yanataka kuzibwa, na ishara za mikono zipangwe mapema.

Wasimamizi wengi huwapa vijana maziwa baada ya kazi, wakisema yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, wala hatuyakatai. Lakini maziwa huenda tumboni. Unga ulioingia mapafuni hayaufikii. Fedha ya maziwa ya msimu mzima ingenunua barakoa.

Salfa ikiingia jichoni, mtu asifikiche. Amwagiwe maji safi ya kutiririka kwa muda wa dakika 15. Akibanwa na kifua, atolewe kwenye unga, akae penye hewa, alegeze nguo. Asipopata nafuu upesi, apelekwe zahanati. Kabla ya siku ya kazi, msimamizi awe amekwisha jua pikipiki ya nani itambeba.

ANDIKA

Uliyoyaona yaandike. Usiandike mengi. Chora mistari 2 katika daftari, upate vyumba 3. Cha kwanza ni hatari, cha pili ni nani ataumia, cha tatu ni nini kifanyike na nani atafanya. Kwa mfano: "Shimo chini ya mti wa saba. Mpulizaji. Lifukiwe leo jioni, mimi mwenyewe." Kama hakuna jina la mtu, hakuna atakayefanya. Mwisho wa wiki soma tena daftari mbele ya kikundi. Mtu akikwaruzwa au akikohoa sana, nalo liandikwe, ili msimu ujao msianze upya.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Daftari hili nalo lifanywe hivyo, watu wajadiliane, kisha washike jembe.

KWA WABANGUAJI

Akina mama wanaobangua korosho wanaweza kutumia daftari hilo hilo. Hatari yao kubwa ni mafuta ya ganda. Mafuta hayo huunguza ngozi na kuacha malengelenge na madoa meusi. Mahali pengi hujipaka majivu au mafuta ya kula mikononi. Husaidia kiasi, lakini glovu zinazofaa ni bora. Korosho zikikaangwa, moshi wake nao huwasha macho na kifua. Jiko liwe nje, na watu wakae upande upepo unakotoka. Mkono ulioshika maganda usiguse jicho.

SHERIA

Sheria ya zamani ya mwaka 1950 ilihusu viwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa mashamba pia, nayo inamtaka mwajiri alinde afya ya anaowaajiri. Wakala wa serikali unaosimamia mambo hayo ni OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Lakini mkaguzi hawezi kufika kila shamba kila alfajiri. Aliye pale ni wewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Katika shamba letu, upepo huanza saa ngapi, na unga huelekea kwa nani?

Vibarua wetu wanalipwaje? Je, malipo hayo yanamruhusu mtu kuzima mashine?

Mnyororo wa mashine yetu uko wapi?

Nani anafua nguo za salfa, na anazifulia wapi?