Fahamu: Mfungwa mgonjwa hutibiwa wapi, na akitoka hupokelewa na nani?

Mjini Dodoma, ambako Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe imesimama tangu zama za utawala wa Waingereza, ipo Taasisi ya Isanga, sehemu ya hospitali hiyo, inayowapokea watuhumiwa wa jinai ambao mahakama imeutilia shaka utimamu wa akili zao. Na daktari hutakiwa kisheria kuwasilisha ripoti yake ndani ya siku 42, ili mahakama ijue hali ya mtu huyo alipotenda alilotenda.

Atakayethibitika kuwa hakuwa na akili timamu huwekwa chini ya matibabu. Walakini tiba, ijapokuwa ndiyo haki yake ya kwanza, haimalizi safari. Anayerejea kwao, tuseme Kongwa au Mpwapwa, anahitaji dawa za mwezi ujao, barua ya daktari kwa zahanati ya jirani, na ahali walio radhi kumfungulia mlango, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, tunapowatupa wenzetu, kwa kuwa aghalabu hofu ya kosa la zamani hushinda huruma.

Kadhalika mfungwa mwenye kifua kikuu, ambaye dozi yake kwa kawaida ni ya miezi 6: akifunguliwa mwezi wa tatu bila kuandikishwa kliniki ya kwao, maradhi huweza kurudi yakiwa sugu. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza matibabu yasikatike. Basi kadi ya kliniki na itolewe pamoja na hati ya kufunguliwa.