Kifaa cha Wasioona Kitengenezwe Eastlands

Mtu asiyeona anayetembea Kayole, Umoja au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huandamwa na hatari za chini na za juu kwa wakati mmoja. Chini kuna mtaro ulioachwa wazi, shimo la majitaka ambalo kifuniko chake kimeibwa kikauzwe chuma chakavu, na mkokoteni uliotelekezwa njiani. Juu kuna ukingo wa bati la kibanda, dirisha la chuma linalofungukia nje, bango la duka na kioo cha pembeni cha matatu iliyopanda pale wanapopita watu. Fimbo nyeupe ndefu, pamoja na mbinu ya kuipeleka kushoto na kulia iliyoanzishwa na Richard Hoover nchini Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inazimudu hatari za chini kuliko chombo kingine chochote. Lakini fimbo hupapasa ardhi tu, haina habari na kilicho usawa wa kifua na uso. Pengo hilo ndilo la kuzibwa na kifaa cha kuvaa kinachomtahadharisha mtu kwa mtetemo. Nami nashikilia kwamba halitazibwa sawasawa mpaka kifaa hicho kisanifiwe na kuundwa katika mitaa hii hii ya Eastlands.

Utendaji wake si wa kutisha. Kihisi kidogo hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha husubiri mwangwi wake, kama afanyavyo popo. Ukuta ukiwa umbali wa mita mbili, mwangwi hurudi baada ya takriban sehemu 12 za elfu za sekunde. Kikokotoo kidogo hugeuza muda huo kuwa umbali, kisha huamuru mota itetemeke, na kadiri kizuizi kinavyokaribia ndivyo mtetemo unavyoongezeka. Mota yenyewe ni ya aina ileile iliyomo ndani ya simu: kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja wa mhimili, kikizunguka kinatikisa. Nairobi imeshaona jaribio la namna hii. Brian Mwenda na kampuni yake ya Hope Tech Plus walibuni Sixth Sense, kifaa kinachotumia mwangwi kumsaidia asiyeona kugundua vizuizi.

Kwa nini ngozi, na si sauti ya kumwambia mtu “kuna mlingoti mbele”? Kwa asiyeona, sikio lina kazi nzito tayari. Kwa sikio hujua boda boda inakuja kutoka upande gani, makanga anaita abiria wa wapi, na kama magari ya Jogoo Road yamesimama au yanakwenda. Kumwekea visikizi masikioni ni kumnyang’anya chombo kilichomfikisha hapo. Ngozi ina nafasi, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1969 Paul Bach-y-Rita na wenzake walieleza katika jarida la Nature kuhusu kiti chenye vitetemeshi 400 mgongoni vilivyounganishwa na kamera. Watu wasioona waliokaa juu yake walijifunza kutambua vitu na hata nyuso, hasa waliporuhusiwa kuielekeza kamera wenyewe.

Hata hivyo ngozi haiko sawa mwilini kote, na hapa wasanifu wengi hujikwaa. Ncha ya kidole hutofautisha nukta mbili zilizoachana milimita mbili au tatu. Mgongoni au kwenye kigasha, nukta hizo zisipoachana kwa takriban sentimita nne huhisiwa kuwa moja. Kwa hiyo kurundika mota kumi kwenye bangili ni kupoteza betri. Mbili au tatu zilizoachana vizuri, moja kila bega na nyingine kifuani, zinasema mengi zaidi.

Kubwa kuliko hilo ni msongamano. Kifaa kilichosanifiwa kwa njia pana na tulivu za miguu, ambako kila kitu kilicho mbele ni kizuizi, kikiletwa soko la Gikomba au la Umoja kitatetemeka bila kukoma, maana mbele daima kuna mgongo wa mtu. Baada ya dakika chache ngozi huuzoea mtetemo na akili huupuuza. Kinachofaa hapa ni kihisi chenye mwelekeo mwembamba, kilichoinuliwa kulenga usawa wa uso, kisichojali kilicho mbali zaidi ya hatua mbili, na kinachonyamaza mpaka kuwe na jambo. Vipimo kama hivyo havipatikani katika maabara ya ng’ambo. Hupatikana kwa kutembea na mtumiaji kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwake, jua likiwaka na mvua ikinyesha.

Tena kuna suala la kuharibika. Mwaka 1971 nchini Marekani ilianza kuuzwa Optacon, mashine ya vijiti 144 vilivyotetemeka chini ya kidole na kumwezesha asiyeona kusoma maandishi ya kawaida. Ilipendwa sana, lakini ilikuwa ghali na iliundwa na kampuni moja. Uzalishaji ulipositishwa mwaka 1996, wenye mashine wakabaki kuhangaikia vipuri. Eastlands haina sababu ya kurudia msiba huo. Karibu kila mtaa una fundi wa simu anayejua kubadilisha mota na betri, na Kamukunji na Kariobangi Light Industries wapo mafundi wa jua kali wanaoweza kutengeneza kifuko na vishikizo vyake.

Wapo watakaosema fedha zifunike mitaro kwanza. Mitaro ifunikwe, na upesi! Lakini Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, na papo hapo haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Haikuandika achague moja. Wengine watasema simu yenye kamera na akili bandia inatosha. Inasaidia kweli kusoma barua au kutambua noti, ila kutembea umeinyosha simu mbele yako penye wezi ni kuialika mikono ya watu, na bado itazungumza sikioni. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mwangwi haugundui vyema shimo, wala kamba nyembamba ya nguo. Ni kweli, na ndiyo maana anayeuza kifaa hiki kama mbadala wa fimbo anahatarisha maisha ya watu. Kivaliwe kifuani, na fimbo ibaki mkononi.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 333,000 wenye ulemavu wa kuona. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu tayari hutoa vifaa saidizi kupitia hazina yake. Basi liagize sehemu ya vifaa hivyo kwa mafundi wa Eastlands, na mkataba uwe na sharti hili: kabla ya malipo, kifaa kivaliwe wiki kadhaa na watu wasioona wanaoishi mitaa hiyo, na wao ndio waamue kama kinafaa.