Mdomo Umetangulia, Sauti Inafuata

Projekta ndogo za nyumbani sasa ni nyingi madukani, na ukuta mweupe wa sebuleni waweza kubeba picha ya inchi 100 bila mtu kununua runinga kubwa. Udhaifu wake uko kwenye sauti. Ndani ya kiboksi kile mmebanana taa, feni na lenzi, na spika iliyopata nafasi huwa ndogo, ya wati chache, ikishindana na mvumo wa feni. Tena projekta hukaa katikati ya chumba au nyuma ya watazamaji, hivyo mtu anazungumza ukutani na sauti yake inakujia kisogoni. Ndiyo maana wenye projekta wengi huishia kutafuta spika ya nje, na kwa kuwa hawataki waya utambae sakafuni watoto wakajikwaa, huchagua ya Bluetooth. Inaungana mara moja, inalia vizuri. Kisha mwigizaji anafungua mdomo, anaufunga, ndipo neno linasikika.

Wengi hudhani spika ni mbovu na kuirudisha dukani. Si mbovu. Inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, ila haikukusudiwa sinema.

Kazi ya kuunda Bluetooth ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, na lengo la awali lilikuwa kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake vidogo. Inatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayogombaniwa na Wi-Fi nyingi na hata oveni za maikrowevu. Ili isikwame kwenye msongamano huo, Bluetooth ya kawaida ya muziki hurukaruka katika chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Wazo la redio ya kurukaruka masafa ni la zamani. Mwaka 1942 hataza moja ya namna hiyo ilitolewa Marekani kwa mtunzi wa muziki George Antheil na Hedy Lamarr, nyota wa filamu za Hollywood, waliotaka kuongoza torpedo bila adui kuvuruga mawasiliano. Inafurahisha kwamba jina la mwigizaji limo katika historia ya ufundi huu.

Kuchelewa kwenyewe kunatokea hivi. Sauti ya ubora wa CD inabeba kilobiti 1,411 kila sekunde, mzigo mzito kwa Bluetooth. Kwa hiyo kifaa kinachotuma huikandamiza kwanza kwa mfumo uitwao SBC, ambao kila spika ya Bluetooth ya muziki hulazimika kuuelewa, hadi kufikia kilobiti 300 na kidogo. Kisha huikata vipande, huvirusha, na kipande kikipotea njiani hukirusha tena. Upande wa pili spika hukusanya vipande, huvifungua, na haivipigi papo hapo. Huweka akiba kwanza, kama nyumba inavyojaza simtanki ili maji ya bomba yakikatika jikoni wasijue. Akiba hiyo ndiyo inayofanya muziki usikatikekatike, na ndiyo hiyohiyo inayokula muda mwingi. Ukijumlisha yote, sauti kwa kawaida huchelewa milisekunde 150 hadi 250. Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 200 ni karibu picha tano zimeshapita kabla neno halijafika.

Kwa nyimbo hakuna anayejali, maana hakuna cha kulinganisha nacho. Macho yakiingia ndipo shida inapoanza. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha jambo lililowashangaza wengi: mtu akisikia silabi “ba” huku akitazama mdomo unaotamka “ga”, mara nyingi husikia “da”, silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Ubongo huunganisha midomo na sauti kuwa kitu kimoja kabla hata hujajua umesikia nini. Mtazamaji wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili amezoea maneno yasiyolingana na midomo, lakini hata hapo waigizaji wa sauti hujitahidi kuanza mdomo unapofunguka na kunyamaza unapofungwa. Wakikosea hilo, mtu hachukui muda kulalamika.

Hata hivyo ubongo una huruma ya upande mmoja. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, katika mapendekezo yake ya mwaka 1998 kuhusu televisheni, lilieleza kwamba watazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia picha ikifika milisekunde 45, lakini iliyochelewa huigundua ikifika takriban 125. Nadhani sababu iko nje ya nyumba. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka unaliona likitua kwanza, kishindo kinafuata, kwa kuwa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde ilhali mwanga hufika papo hapo. Kishindo kikitangulia shoka, hilo hakuna aliyewahi kuliona. Tumezaliwa na kukulia katika dunia ambamo sauti huchelewa, na tunaisamehe mpaka inapopita kiasi. Milisekunde 200 imepita kiasi.

Projekta nayo ina kuchelewa kwake. Kabla ya kurusha picha huitengeneza: huinyoosha pembe kama imewekwa kimshazari, huilainisha, huirekebisha rangi, na yote hayo yanaweza kula makumi ya milisekunde. Kwa bahati picha ikichelewa, pengo kati yake na sauti ya Bluetooth hupungua. Ukiwasha modi ya gemu, ambayo kazi yake ni kuharakisha picha, pengo linapanuka tena.

Linaloamua zaidi ni kifaa kipi kinatuma sauti. Simu au kompyuta inayocheza filamu na kutuma sauti yenyewe kwenye spika huwa inajua spika inachelewa kiasi gani, na programu nyingi huizuia picha kidogo ili iisubiri sauti. Projekta yenye programu za filamu ndani yake nayo yaweza kufanya hivyo. Lakini ukichomeka kisimbuzi kwa waya wa HDMI, kisha projekta ikatuma sauti kwa Bluetooth, kisimbuzi hakina habari kuwa kuna spika inayochelewa. Picha inapita moja kwa moja, sauti inabaki nyuma. Kwenye kompyuta ya Windows programu ya VLC inakupa dawa: kila ukibonyeza J sauti inavutwa mbele milisekunde 50, na K huirudisha nyuma. Mpira wa moja kwa moja hauna dawa hiyo, kwani sauti ya dakika ijayo haijatokea bado.

Zima pia spika ya ndani ya projekta. Sauti mbili zinazofanana zikipishana kwa milisekunde 30 hivi sikio huzichukua kuwa moja. Zikipishana 200, unasikia mwangwi. Spika ya nje iweke chini ya picha, siyo nyuma ya sofa, na isizibwe na watu, maana miili yetu imejaa maji na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4.

Teknolojia bora zipo. Mfumo wa aptX Low Latency hushusha kuchelewa hadi takriban milisekunde 40, lakini lazima uwepo kwenye kifaa kinachotuma na kwenye spika pia. WiSA, inayotumia gigahezi 5, huchelewa milisekunde tano tu, na inaweza kulisha spika kadhaa kuzunguka chumba, ila bei yake bado ni ya wachache, na kila spika itahitaji waya wake wa umeme.

Msimamo wangu ni huu. Kwa filamu na tamthilia zinazochezwa na simu, kompyuta au programu za projekta yenyewe, spika isiyo na waya inatosha. Kwa mpira na gemu, rudi kwenye waya: chukua sauti kwenye matundu mekundu na meupe ya kisimbuzi au kwenye tundu la visikizi la projekta, uipeleke kwenye sabufa kwa waya wa mita 10 uliopitishwa ukingoni mwa ukuta. Hapo sasa ndipo uwashe modi ya gemu, ili picha nayo isichelewe sauti ikatangulia.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama Bluetooth ya projekta hiyo hutuma sauti au hupokea tu, kwa sababu baadhi hupokea tu. Kisha mwombe aiunganishe na spika hapohapo dukani, aweke taarifa ya habari, nawe utazame midomo ya msomaji kwa dakika moja. Usikubali kuambiwa kwamba utazoea.