Msasa Umeondolewa, Alama za Vidole Bado: Haki ya Kitambulisho kwa Vijana wa Eldas

Kijana wa Eldas aliyetimiza miaka 18 bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kuomba mkopo wa HELB wala kujiandikisha kupiga kura. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada uliokuwa ukifanyiwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Wengi walisherehekea, na walikuwa na sababu.

Wazee wetu wanakumbuka zaidi. Novemba 1989, serikali iliagiza Wakenya wa asili ya Kisomali wahakikiwe upya. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi, waitembeze pamoja na kitambulisho chao. Jamii nyingine za Kenya hazikuagizwa hivyo.

Hoja dhidi ya msasa wa aina hiyo ilijengwa pia mbali na Wajir. Wanubi, ambao wengi wao wako Kibra, Nairobi, walipitia kamati kama hizo kwa miaka mingi. Mwaka 2009, mashirika mawili ya kisheria, moja lenye makao Gambia na jingine Marekani, yaliwasilisha malalamiko ya watoto wa Kinubi mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 kamati hiyo iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki ya watoto hao ya uraia na ya kutobaguliwa. Ulikuwa uamuzi wake wa kwanza kabisa.

Kwa nini uamuzi wa chombo cha Afrika uwahusu watu wa Eldas? Kwa sababu Kenya iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto mwaka 2000, na Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria zetu. Tatizo ni utekelezaji: chombo hicho hakina polisi. Nguvu yake hutokana na wananchi, mawakili na mahakama kuutaja uamuzi huo kila mara.

Sasa tuseme wazi kile ambacho tangazo la 2025 halikumaliza. Wakati wa ukame, baadhi ya familia za Kenya ziliandikisha watoto wao kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula, matibabu na shule. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutaka watoto waishi. Lakini alama za vidole zilibaki kwenye sajili ya wakimbizi, na kijana anapoomba kitambulisho, mtambo unamtambua kuwa mkimbizi. Msasa ukiwepo au usiwepo, anakwama.

Kumwondoa kwenye sajili hiyo kunahitaji Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na UNHCR wakubaliane kuwa ni Mkenya, kisha jina lake liifikie ofisi ya usajili wa watu. Hiyo ni kazi ya Serikali ya Taifa, si ya kaunti, kwa hiyo usimfuate mwakilishi wa wadi akupe kitambulisho.

Aliyekwama aweke pamoja cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na vyeti vya shule. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kwa chifu wake. Na ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uhifadhi karatasi hiyo, kwani rufaa huanzia hapo.