Dunwich: Mji Ulioliwa na Bahari Ukabaki Kijiji

Sisi watu wa mwambao twaijua bahari: hulisha, na hula. Lakini sikupata kuona mahali ilipokula kama Dunwich, kijiji kidogo cha jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza.

Usidhani ni mahali pa fahari. Kuna nyumba chache za matofali, kanisa moja, mkahawa wa samaki karibu na ufuo, na wakazi wasiofika mia mbili. Upande wa bara ni misitu na nyika, kaskazini ni kinamasi, na mashariki ni Bahari ya Kaskazini, yenye rangi ya chai ya maziwa. Baina ya kijiji na maji pana genge refu, nalo si la jiwe, ni la mchanga. Ukilikwangua kwa kidole laporomoka.

Hapo palikuwa na mji. Mwaka 1086, Mfalme William alipoandikisha mali yote ya Uingereza, Dunwich ilikuwa tayari na makanisa matatu. Mwaka 1199 Mfalme John akaipa hati ya kujiendeshea mambo yake. Vyombo vyake vilipeleka sufu na nafaka ng'ambo, vikarudi na mvinyo wa Ufaransa, na mfalme akihitaji merikebu za vita alijua pa kuziagiza.

Wengi husimulia ati mji huo ulizama usiku mmoja. Mimi siyakubali hayo. Tufani kubwa ya 1286 ilibomoa sana, ni kweli, lakini watu walibaki. Hata watawa wa Greyfriars, waliopoteza makao yao, walijenga mapya ndani zaidi mwaka 1290, na magofu yake yapo hadi leo. Kilichoua mji ni mlango wa bandari. Mawimbi yalikuwa yakisukuma changarawe kuelekea kusini, yakatengeneza ulimi mrefu mbele ya mto. Tufani ya 1328 ikauziba mlango kabisa, na mto ukajitafutia njia nyingine kaskazini, karibu na Walberswick. Nahodha hufuata maji, na tajiri humfuata nahodha. Dunwich ikaendelea kudai ushuru, majirani wakakataa, na ugomvi huo ukarithiwa na wajukuu. Bandari ikishakuwa haina mlango, ni nani atakayetoa fedha za kuulinda ufuo? Tangu hapo bahari ilijichukulia mtaa baada ya mtaa, kanisa baada ya kanisa.

Kichekesho ni kuwa mji uliokwisha kutoweka uliendelea kupeleka wabunge wawili London, waliochaguliwa na watu wachache mno, hata sheria ya uchaguzi ilipobadilishwa mwaka 1832.

Lililonichoma moyo ni habari ya kanisa la All Saints. Lilikuwa limeachwa zamani, na mwaka 1904 genge likalifikia. Likaanguka kipande kipande, na mabaki ya mnara yakaporomoka baadaye. Makaburi nayo yakafuata, mifupa ya watu ikawa yatokeza gengeni, mbele ya macho ya wapita njia. Mimi ambaye wazee wangu wamezikwa mahali panaposikika mawimbi, nilisimama pale nikakosa la kusema. Maiti ana haki ya sitara, awe wa dini gani.

Tangu miaka ya 1970 wapiga mbizi wamekuwa wakiyatafuta magofu. Maji yale ni ya tope, mtu haoni mkono wake, basi wataalamu wakatumia mitambo ya mwangwi, na ramani ya mji ikaanza kupatikana. Wenyeji wana hadithi kwamba usiku wa dhoruba kengele husikika chini ya maji. Mimi sikusikia ila changarawe zikiburutwa.

Katika jumba dogo la makumbusho pana mfano wa mji wa kale, na mzee mmoja alinionyesha mahali palipokuwa na soko. Pote alipogusa sasa ni bahari. Nikamwuliza nyumba yake iko wapi. Akacheka, akanyoosha mkono nyuma yake, upande wa bara.